Tumbo la Bartazari

Mwaka jana nikiwa kwa mwanangu huku Nyarubungo, wajukuu walitundika kanga dirishani ili mwanga usiingie, wakaweka kompyuta yao juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakaniambia njoo Bibi, leo kuna filamu ya zamani, ya watu wa umri wako. Nikaenda nikakaa. Haikuwa ya watu wa umri wangu. Ilikuwa ya Wazungu wa nchi moja ya baridi, enzi walipotawaliwa na wakomunisti, watu wamevaa makoti yanayofika kwenye vifundo vya miguu na theluji imejaa mlangoni kama pamba iliyomwagwa. Lugha sikuielewa, ila Koleta, mjukuu wangu mkubwa, alinisomea maandishi yaliyopita chini. Kulikuwa na wanaume wawili waliokua pamoja. Mmoja alipewa cheo katika chama, mwingine akabaki na ukaidi wake. Basi siku moja mwenye cheo akatumwa pamoja na askari nyumbani kwa rafiki yake, akasimama pale mlangoni, akamzaba kofi mbele ya mkewe na watoto.

Wajukuu wote wakafyonya. Koleta akasema, "Msaliti huyo. Bibi umemwona?"

Nilimwona. Nikanyanyuka, nikawaambia naenda kutazama maharage, nikaenda kukaa jikoni, na maharage yalikuwa yameshaepuliwa tangu mchana. Koleta alinifuata akanikuta nafuta macho. Akadhani ni moshi. Nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu ningeanza kumweleza wapi? Lakini ninyi mliozaliwa wakati mmoja nami, ninyi mliohamishwa mkiwa mmebebwa au mmebeba wadogo zenu, mtanielewa. Kofi kama lile niliwahi kulisikia kwa masikio yangu, na mimi pia nilisema kama Koleta.

Kwetu kulikuwa mlimani, juu ya Mbuba. Migomba ilizunguka nyumba hivi kwamba mvua ikija ulisikia majani kwanza, ndipo baadaye ukalowa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya msonge, nyasi zake zimeshuka karibu ziguse ardhi, na ndani mlikuwa na giza la kupendeza, giza lenye harufu ya ndizi zilizofukiwa na tumbaku. Tulikuwa baba yangu Gaspari, mama yangu Melania, mimi, mdogo wangu Desideri aliyekuwa bado wa mgongoni, na Nyogokuru. Nyogokuru ni bibi, mama yake baba. Jina lake la ubatizo lilikuwa Kandida. Alikuwa haoni tena na miguu ilikuwa imemwacha, lakini kiko chake hakikumwacha. Kilikuwa kiko cha udongo, mrija wake mweusi umeliwa na meno mpaka umepinda. Ukimtaka Nyogokuru humo gizani hukuita, ulifuata harufu.

Mtu wa sita katika nyumba yetu hakulala kwetu. Huyo ndiye Bartazari. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, na mkewe Yuliana alikuwa hajapata mtoto. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe, mpaka ukacheka naye bila kujua unacheka nini. Kila jua likielekea kutua alikuja, mama akawatolea kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na yeye na baba wakanywa kwa mrija mmoja, wakipokezana. Wageni wengine wote kila mtu alikuwa na mrija wake. Mimi nikauliza kwa nini hawa wawili wanabana mrija, au Bartazari ni maskini hana wa kwake? Baba akacheka, akafunua shati, akanionyesha kovu dogo kando ya kitovu. Bartazari naye akafunua. Lilikuwa pale pale.

Kwetu tunasema kunywana. Watu wawili wasiozaliwa pamoja wanachanjwa tumboni, damu ya kila mmoja inadondoshwa kwenye jani la umurinzi, ule mti wa maua mekundu, inatiwa pombe, na kila mmoja anakunywa ya mwenzake. Mwenye kuwachanja anatamka maneno: atakayemgeuka mwenzake, damu hii imvimbishe tumbo mpaka limmalize. Padre alikuwa amelikataza jambo hilo altareni, lakini wao walilifanya wangali vijana, kwa siri, na Jumapili wakaenda kanisani kama watu wengine. Tangu hapo Bartazari alikuwa baba yangu. Sikumwita baba mdogo wala mjomba, nilimwita Baba. Na yeye, kwa kuwa meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, aliniita Kabibi. Akifika tu: "Kabibi, meno umempa nani?" Nami namjibu nimempa panya. "Mwambie panya anirudishie, mimi nitayatumia kula nyama."

Halafu ikaja habari ya kuhamia vijijini. Mnaikumbuka. Watu wote washuke chini barabarani, nyumba zipangwe mistari, tulime pamoja, tupate shule na zahanati na maji. Bartazari alichaguliwa mjumbe wa nyumba kumi kwa sababu alijua kusoma na kwa sababu watu walimpenda. Akapewa kadi ya Chama na shati la kijani. Yeye mwenyewe alishuka wa kwanza, akabomoa nyumba yake ya mlimani kwa mikono yake ili wengine waone, akaacha kibanda cha mbuzi tu, ndani kabisa ya migomba yake. Watu wakashuka mmoja mmoja wakiwa na mitungi na kuku. Baba hakushuka.

Hakushuka kwa sababu ya Nyogokuru. Yule mzee alikuwa amesema wazi, ameweka na kiko kando ili tumsikie vizuri, kwamba mumewe amelala pale nyuma ya nyumba na yeye atalala kando yake, na mtu atakayemteremsha barabarani amteremshe akiwa maiti. Mama alimbembeleza, akasema huko chini kuna sista wa kumtibu. Nyogokuru akauliza sista huyo ana dawa ya uzee? Baba alikuwa mtoto pekee wa kiume. Alikwenda kwa katibu kata kuomba muda, mama yake hana siku nyingi, afe kwake. Akaambiwa serikali haingoji wazee wafe. Sisemi kwamba katibu yule alikuwa shetani. Alikuwa kijana wa mbali, na yeye alikuwa na wakubwa wake wa kuwajibu.

Asubuhi moja nikaamka nikakuta pale pa Nyogokuru patupu. Mama akaniambia amepelekwa Ntobeye kwa shangazi Verediana. Nikashangaa, maana shangazi hakuja kumchukua, na kiko kilikuwa bado kimechomekwa kwenye nyasi za dari, mahali pake. Nyogokuru kwenda Ntobeye bila kiko, hata mtoto angejua hilo haliwezekani. Lakini sikupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri tulipowasikia wakipanda: katibu, mgambo wanne, na mbele yao Bartazari na shati lake la kijani.

Nilimkimbilia. Nilidhani amekuja kutusaidia. Akanipita kana kwamba mimi ni kisiki. Akasimama mbele ya baba, akaanza kumfokea kwa sauti ambayo sikuwahi kuijua, kwamba yeye ni mkaidi, ni kupe, anawarudisha wenzake nyuma, na kwamba amemvumilia vya kutosha. Baba akajibu neno, sikulisikia. Ndipo likaja lile kofi. Baba aliyumba akashika mgomba. Damu ikamtoka mdomoni. Halafu Bartazari akaingia ndani ya nyumba yetu, akakawia kidogo, akatoka na kijinga cha moto kutoka jikoni kwa mama mwenyewe, na mimi niliyekuwa mfupi nikaona kitu ambacho wakubwa hawakukiona: chini ya shati la kijani, kwenye mkanda, alikuwa amechomeka kiko cha Nyogokuru.

Akatia moto kwenye nyasi. Nyasi kavu hazichukui muda. Mama alikuwa amekaa chini amempakata Desideri, amegeuza uso. Mimi nikatazama mpaka mwisho. Nikasema moyoni, msaliti, tena mwizi. Maneno mawili tu, na nikashuka nayo mpaka barabarani.

Kule kijijini walitupa kiwanja mwisho wa mstari, jirani na Mama Adela. Mama Adela alikuwa mwanamke mwenye mdomo na mwenye huruma, vyote pamoja. Alitupa chungu na mkeka siku ile ile, na siku ile ile akaanza kumsema Bartazari. Amechoma nyumba ya munywanyi wake, ndugu yake wa damu, akasema, kwa mkono ule ule ulioshika jani. Ngojeni. Damu haisahau.

Watu wakawa na la kusema kila siku. Ilikuwa marufuku kurudi mlimani, hata ndizi zako zikiiva unaziacha kwa kima. Lakini Bartazari, kwa kuwa ni mjumbe, alipanda kila siku na kapu, akisema anakagua kama kuna waliorudi. Kapu lilikwenda zito likarudi jepesi, hilo nililiona kwa macho yangu, lakini nani anayefikiri mambo kama hayo? Mama Adela alisema anakwenda kula ndizi za watu huko peke yake. Sisi watoto tulimtungia wimbo wa kumwita kima. Baba alikuwa hapandi, alikuwa akitazamwa, kila asubuhi lazima aonekane shamba la kijiji. Na wawili wale hawakunywa tena pamoja. Walipopishana njiani baba alitazama upande.

Baada ya mavuno ya mtama, asubuhi moja, baba alitoka nje amenyoa kichwa chote kikang'aa. Jioni nikamwona Bartazari naye amenyoa. Nikamwambia mama kwamba Chama kimeleta amri ya chawa. Mama alikuwa akitwanga. Akasema ndiyo, ni chawa, akaendelea kutwanga, na mchi ulikuwa ukikosa kinu. Siku zile baba hakushika jembe. Alikwenda shamba la kijiji akasimama, akasema mgongo. Kwetu mtu hashiki jembe akiwa amefiwa na mama yake. Nilikuwa nalijua hilo, mtoto yeyote wa Kihangaza analijua, lakini sikuliweka pamoja na vile vichwa viwili. Nyogokuru wangu nilijua yuko Ntobeye.

Miaka ikapita, meno yakaota, nikaingia shule nikafika darasa la tatu, nikaitwa nyumbani kulea. Ndipo vita vikaja. Adui amevuka mpaka huko juu, watu wa ng'ambo ya mto Kagera wanakimbia na magodoro kichwani, redio ya kijiji haizimwi. Ikaamriwa wajumbe watoe wanaume wa kwenda. Bartazari alimtoa baba. Ee, mnaweza kufikiri ilivyosemwa. Mama Adela alipiga kofi la mshangao: amemchomea nyumba, sasa anampeleka akauawe, ili asibaki wa kumdai. Baba alipoondoka alinishika kichwa, akambeba Desideri mpaka barabarani, akapanda lori na wenzake wakaimba. Bartazari alisimama mbali, kwenye kona ya ghala. Mkono wake ulikuwa umeshika ubavu. Nilidhani anaona aibu.

Haikuwa aibu. Kabla mvua ya vuli haijaisha tumbo lake lilianza kujaa. Kwanza shati la kijani likakataa kufunga vifungo, watu wakasema anakula vya kijiji. Halafu mikono na mashavu yakaanza kukauka huku tumbo likizidi kwenda mbele, limekaza, linang'aa, mishipa imejitokeza kama mizizi, na lile kovu kando ya kitovu likatanuka likawa kubwa kila mtu akaliona. Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Damu imemshika. Watu waliacha kumsalimia kwa mkono. Kwenye pombe, akikaa, mtu anahama na mrija wake. Mama Adela aliwaita wanawe ndani akipita. Mwisho Yuliana mkewe naye akafunga kanga zake, akarudi kwa ndugu zake, na sikumlaumu hata wakati ule, walimwambia akibaki tumbo lake nalo litavimba.

Aliyebaki kumwendea alikuwa mama yangu. Kila siku uji, kila siku maji ya kuoga. Nilimchukia mama kwa ajili hiyo. Wanawake walimwona anapita na bakuli wakanyamaza mpaka apite. Alimwita sista wa zahanati aje amtazame, na sista akasema ni ini, twendeni hospitali ya misheni, kuna gari kesho. Bartazari alikataa. Alisema, "Sista, asante. Hili si la sindano." Kwa sababu dawa yake wazee wanaijua na ni moja tu. Yule mliyenywana naye achukue pombe mdomoni, akupulizie tumboni, atamke kwa kinywa chake kwamba hukumkosea. Bila hivyo hospitali zote ni kupoteza petroli. Na Gaspari alikuwa Uganda. Basi akawa anamngoja. Kila lori lililopita alimwomba mama aende akatazame.

Siku moja mama aliniambia nimfuate kubeba kibuyu. Nikaenda nimenuna. Ilikuwa mchana, jua linaingia mlangoni mpaka kitandani, na yeye amelala chali, tumbo limesimama kama mtungi uliofunikwa shuka. Shikamoo yangu ilitoka nusu. Alijibu yote. Ndipo nikainua macho nikaona, juu ya kichwa chake, kimechomekwa kwenye nyasi za dari, kiko kilichopinda mrija.

Nikasema, "Mama, hicho ni kiko cha Nyogokuru. Alikiiba siku ile. Nilimwona."

Mama hakunigombeza. Aliweka bakuli chini, akafunga mlango kwa ungo, akaniambia nikae. Akaanza kusema polepole, macho yake kwa Bartazari kama anayeomba ruhusa, na Bartazari akafumba yake.

Nyogokuru hakwenda Ntobeye. Jioni ya kuamkia moto, baba na Bartazari walimbeba kwa machela mpaka kwenye kile kibanda cha mbuzi ndani ya migomba ya Bartazari. Nani angekwenda kukagua kwa mjumbe, aliyehama wa kwanza? Kutoka pale Nyogokuru alisikia kijito chake na alijua mumewe yuko upande gani. Bartazari alikuwa ameambiwa na katibu: ama nyumba ya Gaspari ichomwe na mkono wako, tujue uko upande gani, ama mgambo wapekue mlima wote kichaka kwa kichaka. Akaja kumwambia baba. Baba ndiye aliyesema choma. Baba ndiye aliyesema na unipige, unipige kweli, ukinipiga kwa huruma watajua. Na Nyogokuru alipofika kibandani, kitu cha kwanza aliulizia kiko.

Kapu lile lilikuwa la Nyogokuru. Uji, viazi, majivu ya kumwagia sakafu, tumbaku. Bartazari alimlisha, alimwosha, mama asiyemzaa, kila siku ya Mungu, na watoto wa kijiji wakimwimbia kima. Nyogokuru alipokufa alimchimbia kaburi peke yake kando ya babu, akateremka, akamwambia baba neno moja wakipishana njiani. Wakanyoa. Kilio hakikuwepo, kwa sababu mtu aliyekwenda Ntobeye haliliwi Mbuba.

Nikauliza mbona hawakusema, miaka yote hii? Mama akasema walikuwa wakingoja katibu yule ahamishwe. Aliyemdanganya katibu na kuficha mtu angefungwa, na aliyefichiwa angefungwa. Na hii ya vita, Bartazari alikuwa amejitoa mwenyewe. Baba alimwona alivyoshika ubavu, akamwambia utafia njiani, nitoe mimi. Akasema nikirudi na gwanda la jeshi hakuna wa kunigusa, nitasimama mbele ya watu niyaseme yote.

"Basi haumwi damu," nikasema. "Hakumkosea Baba. Mama, mwambie aende kwa sista."

Nilikuwa na umri wa kufikiri kwamba hapo mambo yamekwisha. Mama akatikisa kichwa. Alikuwa amemwambia hivyo mara nyingi. Bartazari akafumbua macho, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa peke yangu yananirudia:

"Melania, damu haikuuona moyo wangu. Ilikuwepo pale mlangoni, ikaona mkono."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Mtu aliyelinda kiapo kuliko wote niliowahi kuwaona aliamini amekivunja. Alikuwa amefikiri, usiku na mchana juu ya kile kitanda, kwamba labda damu haitofautishi kofi la uongo na la kweli, kwamba jani na pombe havikuambiwa habari za katibu na Chama. Na angeweza kuwa kwenye gari la sista.

Ndipo mama akasema kilichotuleta. Gaspari hayupo, na lori haliji, na hii hali haitangoja lori. Lakini mimi, bintiye, ni damu ya Gaspari. Nikichukua pombe nikampulizia, nikatamka kwa jina la baba, labda itatosha. Na ikitosha atakubali kesho apelekwe. Sikujua kama inaruhusiwa mtoto wa kike. Mama naye hakujua. Alinipa mrija.

Nilivuta rubisi ikajaa mdomoni, chachu, ya baridi. Mama akafunua shuka. Nilikuwa sijawahi kuliona tumbo lile karibu. Nikampulizia, matone yakakaa kwenye ngozi yakang'aa, mengine yakateremka mpaka kwenye kovu. Nikasema, "Mimi ni Gaspari. Hukunikosea. Ulimlea mama yangu. Hukunikosea."

Alinitazama mdomoni. Halafu akacheka, ule ucheko wake unaotangulia maneno, umebaki kidogo kama maji chini ya mtungi.

"Kabibi," akasema. "Kumbe meno yaliota."

Kesho yake alikubali. Mama alikuwa amemfunga shuka safi, tumemkalisha mlangoni tunasikiliza gari. Gari la sista lilikuja, lakini lilikuja alasiri, daraja lilikuwa limejaa maji, na yeye alikuwa ameondoka saa ile watoto wanatoka shule. Alikuwa ameegemea bega la mama.

Walimzika kama wanavyozikwa wavunja kiapo, pembeni, chini ya mteremko, bila pombe, na wachimbaji walinawa mikono kwa majivu. Mama alitaka kusema. Alisimama pale kaburini akafungua kinywa, akaona nyuso zile, akanitazama mimi na Desideri, akafunga. Sikumlaumu. Mumewe alikuwa mbali na katibu alikuwa karibu.

Baba alirudi. Sijui kama niseme nashukuru Mungu, nashukuru. Alirudi na lori la mchana, mwembamba, mweusi, na gwanda lake na kopo la chai, wanawake wakapiga vigelegele mpaka mwisho wa mstari. Alimbeba Desideri, akanishika kichwa, na kabla ya kukaa alimwomba mama kibuyu na mrija mmoja. Akasema twende wote kwa Bartazari. Mama alishika mlango. Baba akasoma jibu usoni mwake, akaweka kibuyu chini taratibu kana kwamba kina mtoto ndani.

Jumapili ile, kijiji kizima kikiwa mbele ya ofisi kuwapokea waliorudi, baba alipewa nafasi ya kueleza vita. Hakueleza vita. Alieleza kofi na moto, kibanda cha mbuzi, kapu, kiko, kaburi la mama yake. Alieleza mpaka mwisho bila kuinua sauti. Katibu alitazama viatu vyake, na hakuna aliyemgusa baba, katika hilo alikuwa amesema kweli. Watu walinyamaza kimya kizuri cha heshima. Nikadhani sasa. Sasa wataenda kumtoa kule pembeni wamzike vizuri.

Mama Adela ndiye aliyesema, tena kwa huruma, akifuta macho na upindo wa kanga. "Baba Desideri, tunajua ulimpenda. Mtu mwema humfichia mwenzake hata akifa. Lakini tumbo tuliliona."

Na wote wakaitikia. Tumbo waliliona.

Baba alitazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia kwao. Hakusema tena habari ile hadharani. Walipoturuhusu miaka ya baadaye kurudi mashambani alikuwa wa kwanza kupanda, akajenga pale pale penye majivu, na mpaka uzee wake hakunywa na mtu. Mwenyewe alifia kitandani, polepole, amekonda. Wanaume waliomwosha walitoka wakasema tumbo lake lilikuwa bapa kama la kijana, na kovu limebaki kama uzi. Mnaona, wakasema, huyu hakugeuka. Hata kifo chake chema wakakifanya shahidi dhidi ya mwenzake. Mama Adela alikuwepo, mzee, akatikisa kichwa akiwaunga mkono. Nilimpa chai. Alikuwa ametupa chungu na mkeka siku ya moto, ningemfanya nini?

Nawaandikia ninyi kwa sababu mliliona tumbo lile. Wajukuu wenu hawakuliona. Mkiwasimulia, na najua mnasimulia, wasimulieni na kapu.

Koleta alipomaliza filamu alikuja tena jikoni, akataka kuniambia mwisho wake. Nikamwambia aache. Likizo iliyofuata nikamchukua twende Mbuba. Nilimpandisha mlimani, magoti yangu yakilia, mpaka kwenye makaburi mawili ya zamani nyuma ya msingi wa nyumba. La babu limezama. La Nyogokuru limepangwa mawe kichwani na miguuni, moja moja, kwa mkono wa mtu asiyekuwa na haraka, na kichwani pake umesimama umurinzi mkubwa. Mtu huyo alichomeka kijiti siku ile ya kuzika, peke yake, na kimekua. Ulikuwa umechanua, majani hakuna, maua matupu mekundu, na chini yake pamejaa maua mengine yaliyoanguka.

Koleta akaokota moja, akanitazama nilivyokuwa napumua kwa mdomo, mdomo huu usiokuwa na meno tena.

"Bibi, mti huu alipanda nani?"

"Baba yangu."

"Babu Gaspari?"

"Siyo," nikamwambia. "Yule mwingine."